Bonde Lisilo na Mlango: Historia ya Maji ya Ndalambo na Ziwa Rukwa

Mvua inayonyesha Ndalambo, katika Wilaya ya Momba mkoani Songwe, haifiki baharini. Maji yake hushuka kwa vijito hadi Mto Momba, ambao chanzo chake kiko Zambia karibu na Mbala na huko huitwa Saisi, kisha huteremka kutoka uwanda wa juu hadi Ziwa Rukwa, mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Safari inaishia hapo, kwa kuwa ziwa hilo halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa njia ya mvuke tu, na mvuke haubebi kitu. Chumvi, tope na kila kilichookotwa njiani hubaki bondeni. Ndiyo maana maji ya Rukwa yana magadi, na ndiyo maana sumu inayomwagwa kwenye mito ya eneo hili ina uzito wa pekee: haina pa kwenda.

Haikuwa hivyo siku zote. Miaka elfu kadhaa iliyopita, tabianchi ilipokuwa na mvua nyingi zaidi, Rukwa lilijaa hadi likamwagikia Ziwa Tanganyika upande wa magharibi. Mvua zilipopungua, mlango huo ulifungwa na ziwa likaanza kuishi kwa kupanda na kushuka. Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti aliyeliona mwaka 1880, alilipa jina la Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Jina hilo halikudumu, na ni vema. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu kubwa ya upande wa kaskazini ilikuwa mbuga ya nyasi. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 maji yalipanda tena na kutandaa.

Wakazi wa bonde waliielewa tabia ya maji haya zamani sana, nao waliitumia kujipatia riziki. Ivuna, ambayo leo iko katika Wilaya hiyo hiyo ya Momba, ina chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba hapo na kukuta marundo ya vigae vya vyungu na mabaki ya makazi yanayoonyesha kuwa chumvi ilikuwa ikitengenezwa tangu karne ya 13 hadi ya 15. Wataalamu wa anga za juu wanaijua Ivuna kwa kimondo kilichoanguka hapo tarehe 16 Desemba 1938, kimoja cha aina adimu kabisa duniani. Lakini kwa historia ya watu, chumvi ndiyo yenye mengi ya kusema. Kazi yenyewe ilitaka ustadi. Udongo uliokolea chumvi ulikwanguliwa wakati wa kiangazi, ukatiwa maji na kuchujwa, kisha maji yale yakachemshwa vyunguni hadi chumvi ikabaki. Jua lilikuwa limekwisha kufanya nusu ya kazi, na moto ulimalizia. Chumvi hiyo ilikuwa bidhaa ya thamani katika nchi iliyo mbali na pwani, na ilibadilishwa kwa vitu vya jirani, likiwemo jembe la chuma kutoka Ufipa, ambako wafua chuma walijenga tanuri ndefu za udongo, malungu, zilizokula makaa mengi ya miti.

Kwa karne hizo zote kilichoshuka na mito kilikuwa chumvi ya mawe na tope la mashamba. Kemikali za viwandani zilifika katika karne ya 20, na mojawapo ya njia zilizopitia ni vita dhidi ya nzige.

Nzige wekundu walivamia Afrika ya kusini mwa Ikweta kuanzia mwaka 1930 hivi, wakala mazao kwa zaidi ya miaka kumi. Watafiti walipofuatilia chimbuko la makundi hayo, walifikishwa kwenye mbuga chache zenye mafuriko ya msimu, zikiwemo Mweru wa Ntipa katika Zambia ya leo na bonde la Rukwa. Ziwa linapopungua huacha tambarare ya nyasi na udongo wenye unyevu, mahali panapowafaa nzige kutaga. Mwaka 1949 likaanzishwa shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala. Katika miaka iliyofuata mbuga za Rukwa zilinyunyiziwa sumu kama BHC na dieldrin, kwa magari na kwa ndege. Lengo lilikuwa jema na njaa iliyoepushwa ilikuwa ya kweli. Hata hivyo dieldrin haiozi upesi: hujishika kwenye tope na kwenye mafuta ya mwili wa samaki, ndege na binadamu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiweka miongoni mwa sumu 12 za kwanza kupigwa marufuku au kubanwa duniani. Nzige walipozuka tena mwaka 2009, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kunyunyizia kuvu anayeua nzige katika mbuga za Iku-Katavi, Rukwa na Malagarasi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dawa ya kibayolojia kutumika dhidi ya nzige kwa kiwango kikubwa barani Afrika. Badiliko hilo, kutoka dieldrin hadi kuvu, linastahili kukumbukwa zaidi ya linavyokumbukwa.

Njia ya pili ilikuwa dhahabu. Dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, na bei ilipopanda katika miaka ya 1930 maelfu ya watu walikimbilia huko. Mgodi wa New Saza, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Songwe, ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956. Migodi mikubwa ilipofifia, wachimbaji wadogo walibaki, na tangu miaka ya 1980 idadi yao iliongezeka sana. Mwamba husagwa kwenye karasha, unga ukachanganywa na zebaki ili inase dhahabu, kisha donge likachomwa motoni. Sehemu ya zebaki hupaa na kurudi na mvua. Nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mabaki ya unga huo, na kusombwa hadi mitoni. Katika tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo huongezeka kila kiumbe kinapomla mwenzake, hadi kwa samaki mla samaki na kwa anayemla samaki huyo. Dunia ilijifunza hayo kwa uchungu Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa neva uliotokana na zebaki ya kiwandani uligunduliwa mwaka 1956. Mkataba wenye jina la mji huo ulipitishwa 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kuridhia ni hatua moja. Mchimbaji bado anahitaji njia nyingine ya kunasa dhahabu anayoweza kuimudu.

Kahawa ya Mbozi nayo ina sehemu yake, ingawa ndogo. Maji yaliyooshea kahawa mbivu yana sukari inayochacha na kugeuka tindikali, na yakimwagwa kijitoni humaliza oksijeni ambayo samaki wanaitegemea.

Tindikali hiyo ya vijito ni ya muda. Ya bahari ni jambo jingine, na Rukwa husaidia kulieleza, kwa sababu bahari nayo ni bonde lisilo na mlango: mito huingia, mvuke hutoka, chumvi hubaki. Ila bahari hupokea pia hewani. Imemeza karibu robo ya kabonidayoksaidi inayotolewa na binadamu, na gesi hiyo ikikutana na maji hutengeneza asidi ya kaboniki. Tangu enzi ya viwanda ianze, pH ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka takribani 8.2 hadi 8.1. Tarakimu inaonekana ndogo, lakini maana yake ni ongezeko la asidi la karibu asilimia 30. Matumbawe ya Mafia na Pemba, pamoja na chaza na kombe, hujenga miili yao kwa madini ambayo asidi huyapunguza majini. Rukwa lina kinga dhidi ya asidi, maana magadi yake huizimua. Kwa zebaki na dieldrin magadi hayo si kinga.

Sheria za Tanzania za kulinda mito na maziwa kama haya zilikuja baadaye. Ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 iliimarisha utaratibu wa kusimamia maji kwa mabonde badala ya mikoa. Kwa hiyo vijito vya Ndalambo na mialo ya kuchenjulia dhahabu ya Chunya, japo iko mikoa miwili tofauti, imo chini ya Bodi moja ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, yenye ofisi Mbeya. Mamlaka ya Bodi hiyo yanakoma kwenye mpaka wa nchi. Sehemu ya juu ya Mto Momba, inapoitwa Saisi, iko chini ya sheria za Zambia.