Kivuko Kama Usafiri wa Kila Siku Mjini: Funzo la Magogoni kwa Kwala na Bonde la Ruvu

Tarehe 31 Julai 2025, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua Bandari Kavu ya Kwala, Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani, sambamba na usafirishaji wa mizigo kwa reli ya kisasa (SGR). Jirani na bandari hiyo inaendelezwa kongani ya viwanda. Shughuli hizo zinahitaji wafanyakazi, na wafanyakazi wanahitaji usafiri wa uhakika asubuhi na jioni.

Kwala ipo katika bonde la Mto Ruvu, mto ambao unaanzia milima ya Uluguru, unapita mikoa ya Morogoro na Pwani na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Kwa anayetazama ramani, ni rahisi kujiuliza iwapo mto huo unaweza kubeba wasafiri wa kila siku kwa vivuko au boti, na hivyo kupunguza utegemezi wa barabara. Makala haya yanaeleza mazingira ambamo kivuko hufaa kuwa usafiri wa mjini, mazingira ambamo hakifai, na nafasi ya Kwala katika suala hilo.

Magogoni: kivuko kinachofanya kazi ya basi

Mfano ulio karibu zaidi ni kivuko cha Magogoni–Kigamboni jijini Dar es Salaam, kinachosimamiwa na Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania (TEMESA), ulioanzishwa mwaka 2005. Kivuko hicho hukatiza lango la bandari ya Dar es Salaam, umbali wa mita mia chache tu, na safari yenyewe huchukua dakika chache. Kwa mkazi wa Kigamboni anayefanya kazi Posta, Kivukoni au Kariakoo, maji hayo machache ndiyo yanayotenganisha nyumba na kazi.

Uwezo wa vivuko unaeleza kwa nini huduma hiyo haina mbadala rahisi. MV Magogoni kiliundwa kubeba abiria 2,000 na magari 60, wakati MV Kigamboni na MV Kazi kila kimoja kina uwezo wa abiria 800 na magari 22. Safari moja ya MV Magogoni kikiwa kimejaa ni sawa na mabasi 13 yenye uwezo wa abiria 150 kila moja, au daladala zipatazo 66 za abiria 30. Hakuna foleni ya magari inayoweza kuvusha idadi hiyo kwa dakika chache.

Nauli nayo ni sehemu ya jibu. Mwaka 2012 nauli ya mtu mzima ilipanda kutoka shilingi 100 hadi shilingi 200, hatua iliyozua mjadala mkubwa wakati huo. Mjadala huo ulionesha jambo moja muhimu: kwa mtu anayevuka mara mbili kila siku ya kazi, kila shilingi inayoongezwa huonekana katika matumizi ya mwezi. Usafiri wa kila siku hupimwa kwa nauli ambayo mfanyakazi wa kipato cha chini anaweza kuilipa mwaka mzima.

Jambo la tatu ni muunganiko na usafiri wa nchi kavu. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016, ina mtandao wa njia wa kilomita 20.9, ikiwemo njia kuu kutoka Kimara hadi Kivukoni. Kituo cha mwisho cha njia hiyo kipo hatua chache kutoka kwenye gati la kivuko. Abiria anashuka kivukoni na kupanda basi bila kuhitaji usafiri mwingine wa kumfikisha kituoni. Upande wa Kigamboni, daladala, bajaji na bodaboda husubiri wanaoshuka.

Daraja lilipokuja, kivuko kiliendelea

Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilizinduliwa Aprili 2016. Lilijengwa kwa ubia wa Serikali na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), ambapo Mfuko ulichangia asilimia 60 ya gharama na Serikali asilimia 40. Daraja hilo limewasaidia wenye magari na wasafirishaji wa mizigo, lakini halikuondoa haja ya kivuko.

Sababu ni ya kijiografia. Daraja lipo Kurasini, ndani zaidi ya mkondo wa bahari, ilhali kivuko kinamfikisha abiria moja kwa moja katikati ya jiji. Kwa mtembea kwa miguu, kuzunguka hadi darajani ni safari ndefu zaidi na yenye nauli kubwa zaidi. Kivuko hiki kimedumu kwa sababu kinafupisha njia hata baada ya daraja kuwepo.

Kwingineko nchini historia imekwenda tofauti. Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya kivuko cha Ndundu. Katika Mto Kilombero, kivuko kilichokuwa kikivusha watu kati ya Kilombero na Ulanga kilizama Januari 2016 wakati wa upepo mkali, na daraja la mita 384 likachukua kazi hiyo. Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo–Busisi, katika Ziwa Victoria. Maeneo hayo yote yalikuwa na barabara inayokatishwa na maji sehemu moja, hivyo daraja lilipojengwa mahali palepale, kivuko hakikuwa na kazi tena.

Safari ndefu ya majini: Dar es Salaam hadi Bagamoyo

Tanzania imekwisha kujaribu pia usafiri wa majini unaofuata mwelekeo wa barabara badala ya kuvuka maji. Serikali ilinunua boti ya MV Dar es Salaam kwa takribani shilingi bilioni 7.9, yenye uwezo wa kubeba abiria 300, kwa lengo la kupunguza msongamano kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo. Boti hiyo ilipokelewa mwaka 2014. Baadaye Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali alibainisha katika ripoti yake kuwa boti haikufikia kasi iliyokubaliwa katika mkataba. Huduma hiyo haikudumu.

Kasi lilikuwa jambo la msingi katika mradi huo. Boti yenye kasi ya noti 20 husafiri takribani kilomita 37 kwa saa. Kwa njia ya kilomita 60 hivi, safari huzidi saa moja na nusu kabla ya kuhesabu muda wa kupanda, kushuka na kufika gatini. Injini huteketeza mafuta njia nzima, abiria ni 300 tu, na msimu wa kusi huongeza mawimbi. Tofauti na Magogoni, maji hapa hayafupishi njia. Boti inashindana na basi katika umbali uleule.

Zipo nchi ambazo boti zinazofuata mto zimefanikiwa. Mjini Bangkok, Thailand, boti za Mto Chao Phraya husafirisha wakazi kila siku kwa sababu mto unapita katikati ya jiji, una kina cha kutosha, na magati yake yapo jirani na ofisi, masoko na vituo vya treni. Mjini Kochi, India, mfumo wa boti za umeme ulioanza Aprili 2023 unaunganisha visiwa na jiji na kuingiliana na treni ya mjini. Katika miji hiyo abiria hufika majini kwa miguu na hushuka karibu na anakokwenda.

Mto Ruvu na mipaka yake

Mto Ruvu hauna sifa hizo. Kwanza, hauelekei Dar es Salaam. Boti inayoondoka maeneo ya Kwala ingefuata mapindo ya mto hadi mdomoni, kaskazini mwa mji wa Bagamoyo, kisha ingelazimika kuingia baharini na kupita njia ileile iliyoishinda MV Dar es Salaam. Kingo za sehemu kubwa ya mto ni mashamba na mbuga, si makazi ya mjini, na ndani yake wamo viboko na mamba.

Pili, kina chake hubadilika mno. Wakati wa masika mto hufurika. Wakati wa kiangazi hupungua sana. Oktoba na Novemba 2022, ukame ulishusha maji ya Ruvu kiasi cha kuilazimu Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam (DAWASA) kutoa ratiba ya mgao. Usafiri wa kila siku hauwezi kutegemea njia ambayo hupungua sana msimu mmoja na kufurika msimu mwingine.

Tatu, Ruvu ni chanzo kikuu cha maji ya kunywa ya Dar es Salaam na sehemu ya Mkoa wa Pwani. Mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196. Injini, mafuta na magati katika mto huo ni hatari kwa maji yanayotumiwa na mamilioni ya watu. Bwawa la Kidunda linalojengwa mkoani Morogoro, lenye uwezo wa kuhifadhi lita bilioni 190, limekusudiwa kuhakikisha maji hayo yanapatikana mwaka mzima. Halikujengwa kwa ajili ya vyombo vya usafiri.

Historia inaunga mkono hoja hiyo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilivuka Ruvu, uliojulikana huko chini kwa jina la Kingani, kwa mitumbwi, kisha ikaendelea kwa miguu. Mto ulikuwa kizuizi cha kuvukwa, wala haukuwa njia ya kufuatwa.

Usalama na mwendelezo wa huduma

Hata pale kivuko kinapofaa, huduma yake inadai usimamizi wa karibu. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha MV Mtongwe kilizama Mombasa, Kenya, na watu 272 wakapoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na kuua zaidi ya watu 220, ilhali uwezo wake ulikuwa abiria 101. Katika ajali zote mbili chombo kilibeba watu kupita uwezo. Usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini nchini upo chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017. Abiria naye ana wajibu: kutopanda chombo kilichojaa, hata kama amechelewa kazini.

Matengenezo ni jaribio jingine. MV Magogoni kilipopelekwa Mombasa kwa ukarabati mkubwa mwaka 2023, Kigamboni ilibaki na vivuko viwili vya abiria 800 kila kimoja. Uwezo wa pamoja kwa mzunguko mmoja ulishuka kutoka abiria 3,600 hadi 1,600, yaani pungufu ya zaidi ya nusu. Ndipo umuhimu wa kuwa na chombo cha akiba ulipoonekana wazi, na katika miaka ya karibuni boti za kampuni ya Azam Marine zimeongezwa katika eneo hilo kusaidia kuvusha abiria. Basi moja likiharibika, mengine huziba nafasi; kivuko kikubwa kikisimama, watu wengi hubaki gatini.

Njia ya Kwala

Kwa kuzingatia hayo, usafiri wa wafanyakazi wa Kwala unapaswa kutazamwa nchi kavu. Eneo hilo lina miundombinu ambayo miji mingi inayokua haina: reli ya zamani, reli ya SGR ambayo treni zake za abiria zilianza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 zikiwa na stesheni ya Ruvu miongoni mwa vituo vyake, na barabara ya takribani kilomita 15 inayounganisha Kwala na barabara kuu ya Morogoro eneo la Vigwaza.

Vigezo vilivyoifanya Magogoni ifanikiwe ndivyo vya kupimia usafiri huo pia. Treni au basi la wafanyakazi litafaa iwapo ratiba yake italingana na zamu za viwandani, nauli yake itamudu mshahara wa kawaida, na kutoka stesheni hadi lango la kiwanda patakuwa na usafiri au njia salama ya miguu. Mfanyakazi anayeishi Mlandizi, Kibaha au vijiji vya Kisarawe vilivyo jirani anahitaji kujua saa ya kuondoka, saa ya kufika na gharama ya kwenda na kurudi kabla hajakubali ajira.

Mto Ruvu utabaki na kazi yake ya kuwapatia maji wakazi hao pamoja na viwanda vinavyojengwa.