LUGHA INA NINI? SOMO KUTOKA NCHI YA WAISLAMU ILIYOVUNJIKA VIPANDE VIWILI



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake wote.

Ndugu yangu katika imani, wiki iliyopita baada ya darsa ya Maghrib, ndugu yetu mmoja aliyetoka Bukavu alinyoosha mkono akauliza swali zuri kuhusu zaka ya mazao ya shamba la kukodi. Kabla hajamaliza, vijana waliokaa nyuma walikuwa wameshaanza kucheka. Swali halikuwa na kichekesho. Walikicheka Kiswahili chake. Yule ndugu akanyamaza, akakaa. Nilipomwita kijana mmoja pembeni, akaniambia: "Sheikh, ulikuwa utani tu. Sisi sote Waislamu, lugha ina nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike leo. Lugha ina nini? Nakuomba usome hadi mwisho, kwa sababu iko nchi nzima ya Waislamu ambayo viongozi wake walilichukulia swali hili kwa wepesi, na watu wakalipa kwa damu.

NCHI ILIYOZALIWA KWA JINA LA UISLAMU

Waingereza walipokuwa wanaondoka Bara Hindi, tarehe 14 Agosti 1947 ilizaliwa Pakistan. Hoja ya waasisi wake, wakiongozwa na Muhammad Ali Jinnah na chama cha Muslim League, ilikuwa kwamba Waislamu wa Bara Hindi ni taifa kamili, na kinachowafanya taifa ni dini yao.

Nchi hiyo ilikuwa na vipande viwili. Magharibi kulikuwa na Punjab, Sindh na mji mkuu wa wakati huo, Karachi. Mashariki kulikuwa na Bengal ya Waislamu, na mji wake mkubwa ni Dhaka. Katikati yao zilikuwepo kama kilomita 1,600 za ardhi ya India. Hawakula chakula kimoja, hawakuvaa mavazi ya aina moja, wala hawakuzungumza lugha moja. Kilichowaunganisha ni kibla.

Na usidhani kwamba Wabengali waliburutwa kuingia Pakistan. Muslim League yenyewe ilianzishwa Dhaka mwaka 1906. Na katika uchaguzi wa 1946, Waislamu wa Bengal walikipigia kura chama hicho kwa wingi mkubwa. Waliitaka nchi ya Waislamu kwa mioyo yao. Likumbuke hili, maana ndipo ulipo uchungu wa kisa chote.

LUGHA YA WENGI YAACHWA NJE

Zaidi ya nusu ya watu wote wa Pakistan walizungumza Kibengali. Waliozaliwa na Kiurdu kama lugha ya mama hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Pamoja na hayo, viongozi wakaamua kwamba lugha ya taifa iwe Kiurdu peke yake.

Tuwe waadilifu. Walikuwa na sababu zao. Kiurdu kinaandikwa kwa herufi zinazotokana na za Kiarabu, na vitabu vingi vya dini vya Waislamu wa Bara Hindi vimeandikwa kwa lugha hiyo. Kibengali kina herufi zake, na Wahindu wengi nao wanakizungumza na kukiandika. Basi wakaona Kiurdu ndiyo lugha ya Kiislamu, na Kibengali kina kasoro. Alikuwepo hata waziri aliyepigania Kibengali kiandikwe kwa herufi za Kiarabu.

Mambo yakaanza na vitu vidogo. Fomu za posta za nchi mpya zikatoka kwa Kiurdu na Kiingereza, Kibengali hakimo. Mitihani ya kuingia kazi serikalini, Kibengali hakimo. Jiweke mahali pa mkulima wa Bengal anayetaka kumtumia mwanawe pesa kwa posta. Nchi ameipigia kura yeye, lakini fomu yake hawezi kuisoma. Na mwanawe aliyesoma kwa Kibengali, kazi ya serikali anaiona kwa mbali tu.

Ni nani waliosimama mwanzo kukitetea Kibengali? Wengi hudhani ni watu wasio na dini. Sivyo. Mwezi Septemba 1947, nchi haijatimiza hata miezi miwili, jumuiya ya Kiislamu iitwayo Tamaddun Majlish, iliyoanzishwa na mwalimu wa chuo kikuu cha Dhaka, Abul Kashem, ilitoa kijitabu ikidai Kibengali kipewe nafasi. Mwanachuoni mkubwa wa lugha, Muhammad Shahidullah, mtu aliyejulikana kwa kushika dini, naye aliandika kukitetea. Madai hayakuwa kukifukuza Kiurdu. Waliomba lugha mbili zikae pamoja.

Februari 1948, mbunge Dhirendranath Datta alipoomba Kibengali kitumike katika bunge la kutunga katiba, Waziri Mkuu Liaquat Ali Khan alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba Pakistan ni dola ya Waislamu, hivyo lugha yake lazima iwe lugha ya Waislamu, naye alikusudia Kiurdu. Sasa jiulize: yule Mwislamu wa Bengal anayesali, anayefunga, anayewafundisha wanawe Fatiha na kuwaeleza maana yake kwa Kibengali, yeye ameambiwa nini hapo?

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Machi 1948, Jinnah mwenyewe alifika Dhaka, akauambia umati mkubwa kwamba lugha ya taifa itakuwa Kiurdu na si nyingine. Hotuba hiyo aliitoa kwa Kiingereza, na lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kigujarati. Siku tatu baadaye aliyarudia maneno hayo mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu, na baadhi yao wakapaza sauti kumpinga papo hapo. Mwezi Septemba mwaka huo huo alifariki. Allah amrehemu. Neno lake likabaki.

SOMA MAJINA YAO

Januari 1952, Waziri Mkuu Khawaja Nazimuddin alikwenda Dhaka akalirudia lile lile. Wanafunzi wakapanga maandamano ya tarehe 21 Februari. Serikali ikapiga marufuku mikusanyiko. Wanafunzi wakatoka, na polisi wakafyatua risasi karibu na chuo cha udaktari cha Dhaka.

Soma majina ya baadhi ya waliouawa siku ile na waliofuata: Abul Barkat. Rafiquddin Ahmed. Abdul Jabbar. Abdus Salam. Shafiur Rahman.

Umeyasikia majina hayo? Mja wa Al-Jabbar. Mja wa As-Salam. Hawa si maadui wa Uislamu. Ni watoto wa Waislamu, waliouawa na askari wa dola iliyosema ipo kwa ajili ya Waislamu, kwa kosa la kuidai lugha ya mama zao.

Miaka miwili baadaye watu wa mashariki walitoa jibu kwa kura. Muslim League, chama kile kile kilichozaliwa Dhaka, kilipata viti visivyozidi kumi, na wapinzani wake wakapata zaidi ya mia mbili. Katiba ya mwaka 1956 ikakubali hatimaye: Kiurdu na Kibengali, zote mbili lugha za taifa.

Unaweza kusema, basi yamekwisha. Hayakuisha, kwa sababu lugha ulikuwa mlango tu. Ndani ya nyumba kulikuwa na dhuluma nyingine. Juti, ile malighafi ya magunia, ililimwa mashariki, nayo ndiyo iliyoiingizia nchi sehemu kubwa ya fedha za kigeni, lakini watu wa mashariki walilalamika kwamba matunda yake yanaliwa magharibi. Maofisa wa jeshi na wakubwa wa serikali, wengi mno walitoka magharibi. Novemba 1970 kimbunga kikaua mamia ya maelfu ya watu pwani ya mashariki, na watu wakaona msaada wa serikali yao unakuja kwa kusuasua.

Mwezi uliofuata ukafanyika uchaguzi. Chama cha Awami League cha Sheikh Mujibur Rahman kilipata viti 160 kati ya 300 vya kuchaguliwa, na vyote vilitoka mashariki. Kwa haki, hicho ndicho chama cha kuunda serikali. Madaraka hayakukabidhiwa. Usiku wa tarehe 25 Machi 1971 jeshi likaanza kuwashambulia watu wa Dhaka. Watu kama milioni 10 wakakimbilia India. Waliokufa idadi yao inabishaniwa hadi leo, na Allah ndiye anayewajua mmoja mmoja. India ikaingia vitani, na tarehe 16 Desemba 1971 jeshi la Pakistan likasalimu amri Dhaka. Ikazaliwa Bangladesh, maana yake nchi ya Wabengali.

DHULUMA HAINA LUGHA

Usiishie hapo ukadhani upande mmoja ulikuwa malaika. Huko mashariki walikuwepo Waislamu wanaozungumza Kiurdu, waliojulikana kama Wabihari, wengi wao walikimbilia huko mwaka 1947. Baadhi yao walisimama na jeshi la Pakistan, lakini waliouawa na kufukuzwa majumbani walikuwa pamoja na wasio na hatia yoyote. Walionusurika wakaishi makambini, bila uraia, miaka na miaka. Mwaka 2008 ndipo mahakama ya Bangladesh ilipotamka kwamba wale waliokuwa watoto mwaka 1971, na waliozaliwa baadaye, ni raia. Yaani waliodhulumiwa kwa sababu ya lugha, baadhi yao nao wakadhulumu kwa sababu ya lugha.

JE, LUGHA ILIISHINDA DINI?

Wapo wanaoandika kwamba mwaka 1971 ulithibitisha kuwa dini haiwezi kujenga taifa, lugha ndiyo inayoweza. Mimi nakuomba utazame tena.

Kama lugha peke yake ingetosha, Bangladesh ingeungana na Bengal Magharibi iliyoko India. Lugha ni moja, herufi ni zile zile. Hawakuungana. Mpaka uliochorwa mwaka 1947 kwa hesabu ya dini upo hadi leo. Na Bangladesh yenyewe, iliyoanza na katiba ya kutofungamana na dini mwaka 1972, ilifika mwaka 1988 ikautaja Uislamu kuwa dini ya dola. Mwezi Februari 1974, katika mkutano wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore, Pakistan iliitambua rasmi Bangladesh, na Sheikh Mujibur Rahman akahudhuria. Udugu wa dini haukufa.

Kwa hiyo Mbengali hakuwahi kuchagua kati ya msikiti wake na lugha yake. Waliomlazimisha achague ndio waliovunja nchi. Dini na lugha zinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila ugomvi. Kisichoweza kukaa na taifa lolote ni dhuluma, na dhuluma ikivaa kanzu ya dini huwa mbaya zaidi, kwa sababu humfanya aliyedhulumiwa aitilie shaka hata dini yenyewe.

Tazama dini yako inasemaje. Katika Suratur-Rum aya ya 22, Allah ametaja kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara Zake, pamoja na kuumbwa mbingu na ardhi. Ishara ya Allah unaichekaje? Katika Surat Ibrahim aya ya 4 ametufahamisha kwamba kila Mtume alipelekwa na lugha ya watu wake ili awabainishie. Salman alibaki kuitwa Mfursi, Suhayb akaitwa Mrumi, na hakuna aliyewaambia wafute walikotoka ndipo wawe Waislamu.

Na imepokewa na Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa kama mtu kuwapenda watu wake ni asabiya. Akajibu kuwa sivyo. Asabiya ni kuwasaidia watu wako katika dhuluma. Zingatia mpaka ulipowekwa. Kuipenda lugha yako hakujakatazwa. Kuifanya fimbo ya kumpigia mwenzako, hapo ndipo ilipo haramu.

SASA TURUDI KWETU

Sisi Allah ametupa Kiswahili. Wanavyuoni wetu walijua thamani yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliandika kwa Kiswahili ili watu wa kawaida waifahamu dini yao. Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliifasiri Qur'ani yote kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1969. Hawakukiacha Kiarabu; swala zetu ni zile zile. Wala hawakukidharau Kiswahili. Kila kitu walikipa haki yake.

Leo dunia inaiadhimisha tarehe 21 Februari, siku walipouawa wale vijana wa Dhaka, kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama. UNESCO iliitangaza mwaka 1999. Na mwaka 2021 shirika hilo hilo likaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ni heshima kwetu, na ni amana pia. Kiswahili kimewaunganisha watu wa makabila mengi kwa sababu walikipokea bila kuambiwa kwamba kina mwenyewe. Siku tutakapoanza kusema hiki ni Kiswahili cha wenyewe na kile cha wakuja, cha Bukavu na Bujumbura ni cha kuchekwa, tutakuwa tunaandika zile fomu za posta upya.

Kwa hiyo, kijana wangu uliyeniuliza lugha ina nini, jibu ni hili: ndani ya lugha mna heshima ya mtu. Ukiicheka, umemwambia akae nje. Na yule uliyemnyamazisha alikuja kuuliza haki ya Allah iliyo katika mavuno yake.

Darsa ijayo tutaanza na swali lake, in shaa Allah, na nimemwomba alisome yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake. Waliocheka nawaomba wakae safu ya mbele, na wamtake radhi kabla hatujaanza.

Ewe Allah, zisafishe nyoyo zetu na kiburi, utuunganishe katika haki, uwarehemu waliouawa kwa dhuluma, na usitufanye sisi kuwa sababu ya mja Wako kuikimbia nyumba Yako. Aamiin.

Wallahu a'lam. Ukiona kuna faida, mfikishie na mwenzako.