Kinga ya Miti ya Mbao

Kila ajengaye nyumba Dar es Salaam hununua mbao, walakini ni wachache waulizao habari zake. Hapo kale dari za majumba ya mawe ya pwani zilishikwa na boriti za mikoko. Siku hizi mapaa mengi, toka Kariakoo hata Keko, hushikwa na mbao za msonobari, ambazo wachuuzi huziita paini, na sehemu kubwa hutoka msitu wa Sao Hill, Mufindi, ulioanza kupandwa mwaka 1939. Msonobari huo ni wa Mexico, jina lake patula. Twapenda kueleza kwa nini ulichaguliwa huo.

Mabwana misitu wa Tanganyika na Kenya walipenda pia msonobari wa California, uitwao radiata, maana hukua upesi. Lakini mwaka 1957 ugonjwa ulionekana Tanganyika, kisha ukaingia Kenya. Ni kuvu iitwayo Dothistroma. Chembe zake huchukuliwa na matone ya mvua na ukungu; huingia katika majani yaliyo kama sindano, nayo hupata mapete mekundu, hukauka na kupukutika. Mti uliokwisha komaa huweza kustahimili, bali mchanga hudumaa au hufa. Dawa ya shaba ilijaribiwa, lakini kunyunyizia misitu mizima si kazi nyepesi. Basi radiata uliachwa, ukashika nafasi patula, ambao kuvu hiyo haiudhuru sana.

Je, kazi ikaisha? La. Tutazame miberoshi. Ule uitwao macrocarpa uliharibiwa Kenya na donda la gome. Mahali pake ukapandwa lusitanica, uliovumilia zaidi. Kisha akaja chawa wa miberoshi, mdudu mgeni. Alionekana Malawi mwaka 1986, Tanzania 1988, Kenya 1990, akafyonza utomvu wa lusitanica ule ule, na miti mingi ikakauka.

Ulaya nako walipata somo hilo. Huko Ubelgiji ulizalishwa mpopla chotara, jina lake Beaupré, ukasifiwa kwa kutoshikwa na kutu ya majani. Miche yake yote ilitokana na vipandikizi, ikawa kama mti mmoja uliorudiwa mara elfu nyingi. Mwaka 1994 kutu ya namna mpya iliishinda kinga ile, na mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa yakaugua pamoja.

Hapo twaona ya kuwa kinga ya mti si ngome ya milele. Ni mlango uliofungwa mbele ya adui mmoja. Mwingine huingia kwa dirisha. Na mti wa mbao hungojewa miaka mingi: msitu ukifa kabla ya wakati, fundi wa Keko hukosa kazi, na maskini hukosa paa. Kwa hiyo yatupasa kupanda miti ya namna nyingi, wala tusiidharau mininga na mivule ya kwetu. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.