Kumi juu ya Kumi, kwa Faida ya Nani?

Mwishoni mwa 1982, mzazi wa Kimarekani aliyeingia dukani kumtafutia mwanawe zawadi ya Krismasi alikuta kaseti ya E.T. kutoka Atari, boksi lake limepambwa kwa picha ya filamu iliyotikisa dunia mwaka huohuo. Ndani mlikuwa na gemu ambayo Howard Scott Warshaw aliitunga kwa wiki tano hivi. Mashimo ambayo mchezaji angedumbukia kila baada ya hatua chache hayakuonyeshwa kwenye boksi, na ukishalipa umelipa. Mwaka uliofuata soko la gemu Marekani likaporomoka. Atari ikafukia shehena ya kaseti katika dampo la Alamogordo, New Mexico, zikalala huko hadi baadhi yake zilipofukuliwa Aprili 2014.

Si kwamba wahakiki hawakuwapo. Arnie Katz na Bill Kunkel walikuwa na safu ya gemu katika jarida la Video tangu 1979, na Novemba 1981 Uingereza ilipata Computer and Video Games. Lakini sauti hizo zilikuwa bado changa, na wanunuzi wengi walitegemea maneno ya muuzaji.

Wajapani ndio walioipa alama uzito. Jarida la Famitsu, lililoanza 1986, liliwapa wahakiki wanne gemu moja. Kila mmoja akatoa alama kati ya 10, jumla 40. Kwangu mimi huu ni mpango wa busara kuliko yote iliyofuata, kwa sababu haukuficha ugomvi. Ukiona 9, 8, 8 na 5, unajua kuna mmoja kati ya wanne aliyechukizwa, na unasoma maneno yake kwanza. Halafu 40 haikugawiwa ovyo: ya kwanza ilikwenda kwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time mwaka 1998, miaka 12 tangu jarida lianze.

Shida ya kazi hii imekuwa ileile siku zote. Anayehakiki gemu hulipwa mshahara kwa matangazo ya wanaoziuza. Novemba 2007, Jeff Gerstmann, mhakiki wa tovuti ya GameSpot, aliipa Kane & Lynch: Dead Men alama 6, wakati matangazo ya gemu hiyo yametanda kwenye kurasa za mwajiri wake. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amefukuzwa kazi. Alikaa kimya hadi 2012, ndipo akaeleza kwamba uongozi mpya haukujua namna ya kuhimili mvutano kati ya waandishi na wauza matangazo. Na 6, tukumbuke, ni zaidi ya nusu. Katika hesabu za tasnia hii, 7 ilikwishakuwa alama ya kawaida, na chochote chini ya hapo kilichukuliwa kama tusi.

Kufikia hapo alama zilikuwa na mteja mwingine. Metacritic, tovuti iliyoanzishwa Januari 2001, hukusanya alama za vyombo vingi na kuzifanya wastani mmoja kati ya 100, baadhi ya vyombo vikipewa uzito zaidi kwa vipimo ambavyo havitangazwi. Wenye kampuni za gemu walizipenda mno namba hizo. Fallout: New Vegas ilipotoka 2010, watunzi wake, Obsidian, walikuwa wameahidiwa bonasi iwapo ingefikia 85. Ikapata 84. Hakuna mchezaji mwenye padi mkononi anayeweza kuihisi tofauti hiyo ya alama moja. Waliotunga gemu waliihisi mfukoni, kama Chris Avellone wa Obsidian alivyofichua 2012.

Hata alama ya haki yaweza kumpoteza mnunuzi. Kabla Cyberpunk 2077 haijatoka Desemba 2020, wahakiki walipewa toleo la kompyuta pekee, wakalisifu. Mwenye PlayStation 4 aliyezifuata sifa hizo alinunua kitu kingine kabisa: gemu iliyokwama na kuzimika, hata Sony ikaiondoa dukani kwake baada ya wiki moja.

Wachezaji nao wakashika kalamu. Steam, duka la gemu la mtandaoni, iliwafungulia mlango 2013, na huonyesha mtoa maoni amecheza saa ngapi, jambo dogo lenye manufaa makubwa. Kwingineko haikuwa hivyo: Juni 2020, The Last of Us Part II ilipotoka, sifuri zilimiminika Metacritic saa chache baadaye, ilhali kuimaliza huchukua zaidi ya saa 20. Metacritic ikaamua watumiaji wasubiri saa 36 kabla ya kutoa alama.

Tovuti ya Eurogamer ya Uingereza ilikwishachoshwa na alama hizi. Februari 2015 ilifuta namba, ikabaki na mihuri mitatu: ya lazima, inapendekezwa, iepuke. Gemu nyingi hazikupata muhuri wowote, na aliyetaka kujua hukumu alilazimika kusoma makala nzima. Mwaka 2023 ikarudisha alama, safari hii nyota tano.