Dohani, Ekzosi na Sega: Historia Fupi ya Bomba la Moshi la Motokaa

Mtu aendaye dukani kununua ekzosi ya kubadilisha ile iliyotoka kiwandani na gari lake hana budi kwanza kujua anachokitafuta, na hapo ndipo shida huanzia. Katika Kiswahili cha gereji neno hilo moja hutaja bomba zima litokalo kwenye injini hadi nyuma ya gari. Hutaja pia kile kipande kinene kinachopunguza mlio. Tena hufunika chombo cha tatu ambacho si bomba wala si kipunguza mlio. Tunakusudia kuonyesha jinsi mambo yalivyofikia hapo, kwani upungufu huu wa msamiati umekwisha kuwatia watu hasara.

Kabla ya motokaa, moshi wa mashine ulikuwa na njia yenye jina. Lile bomba refu la merikebu za moshi liliitwa dohani, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo huko humaanisha moshi wenyewe. Dohani lilikuwa pia jina la tenga refu la kuchukulia matunda, na anayejua umbo lake hataona ajabu. Neno bomba nalo lilitoka kwa Wareno, likiwa na maana ya mashine ya kuvutia maji, ndipo likaenea hadi kuwa kila mwanzi wa kupitishia kitu. Lakini dohani ilisimama juu, mbele ya macho ya watu wote. Motokaa ilificha bomba lake chini ya tumbo, mahali panapoonwa na fundi peke yake. Na fundi huyo, aliyefunzwa kazi kwa Kiingereza, akaliita ekzosi. Hatumlaumu.

Mlio wa injini za awali ulikuwa wa kutisha, kwa sababu kila silinda ikifungua valvu yake hutoa gesi kwa mshindo. Mwaka 1897 ndugu wawili wa mji wa Columbus, Indiana, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya chombo cha kuupunguza. Miaka michache baadaye Hiram Percy Maxim wa Marekani alitengeneza chombo cha kunyamazisha bunduki, akakitolea hataza mwaka 1909, na akatumia kanuni hiyo kwa magari pia. Baba yake ndiye aliyebuni bombomu ambayo Wajerumani waliitumia kuwaua watu wetu katika Vita vya Maji Maji. Baba alileta mlio, mwana akautuliza. Waingereza walikipa chombo hicho cha gari jina linalotokana na kunyamaza, Wamarekani wakakipa jina linalotokana na kufunika kwa nguo. Sisi, tuliokuwa chini ya Waingereza, tukapata sailensa.

Chombo cha tatu kilichelewa. Mfaransa Eugene Houdry, aliyehamia Marekani, alikifanyia kazi katika miaka ya 1950 baada ya moshi wa magari kuifunika Los Angeles. Ni kigae kilichotobolewa vijitundu vingi mno, mfano wa sega la nyuki, kikapakwa utando wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Gesi yenye sumu ya kaboni monoksaidi ikipita humo hugeuka kuwa kaboni dayoksaidi, na petroli isiyoungua hugeuka vivyo hivyo pamoja na kutoa maji. Hata hivyo petroli ya wakati huo ilitiwa risasi ili injini isigonge, nayo risasi huufunika ule utando na kuuharibu. Kwa hiyo Marekani yenyewe ilianza kukiweka katika magari mengi kuanzia yale ya mwaka 1975, pamoja na petroli isiyo na risasi. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiacha petroli ya risasi, na mwanzoni mwa 2006 jambo hilo lilikuwa limetekelezwa karibu kote. Ekzosi na sailensa, basi, ni maneno ya zama ambazo chombo hiki hakikuwa na kazi kwetu.

Mwenzetu mmoja alipeleka gerejini gari lililotoka Japani, sailensa yake ikiwa imeoza kwa kutu. Akaambiwa, "Mzee, ekzosi yote imeziba, tukuwekee bomba tupu." Akakubali, kwa kuwa alifahamu ekzosi ni bomba, na bomba hubadilishwa kwa bomba. Kilichokatwa hakurudishiwa, ijapokuwa madini yaliyomo yana thamani kuliko bomba lote jipya. Taa ya injini iliwaka siku ile ile. Stakabadhi yake, tuliyoiona, ina neno moja: ekzosi.

Anunuaye aulize basi kipande kwa kipande. Apime upana wa bomba: likiwa jembamba, gesi hurudi nyuma na injini hupoteza nguvu, likiwa pana mno, gari huwa zito katika mwendo mdogo, hata kama linanguruma kama simba. Vipande vyote vifungwe kwanza bila kukazwa, vining'inie sawa kwenye mipira yake mbali na bomba la mafuta, ndipo vikazwe kuanzia upande wa injini. Kisha injini iwashwe mahali pa wazi na kila kiungo kisikilizwe, maana kaboni monoksaidi inayovuja haina harufu, na abiria hulala wasijue.

Kuhusu jina, wako wanaopendekeza kigeuzi kichocheo. Kwa mwanakemia ni tafsiri sahihi, lakini hatumwoni fundi akilitamka huku amelala chali chini ya gari, spana mdomoni. Sisi twaonelea ekzosi ibaki kuwa jina la mfumo mzima, sailensa ibaki kuwa kipunguza mlio, na chombo hiki kiitwe sega, au kwa ukamilifu, sega la moshi. Ngeli yake haina taabu: sega hili, masega haya.