Kaya Kinondo: Msitu Uliozunguka Mji

Katika pwani ya kusini ya Kenya, karibu na Diani katika nchi ya Wadigo, upo msitu wa hektari 30 hivi uliosimama juu ya miamba ya matumbawe kando ya bahari. Huo ndio Kaya Kinondo. Mgeni haingii humo peke yake. Huongozwa na mwenyeji, hufungwa kaniki kiunoni, naye huonywa asitoke njiani wala asichukue kitu, liwe jani bichi au ukuni mkavu.

Adhaniye kuwa anazuru pori lisilopata kuguswa na mkono wa mtu hukosea tangu hatua ya kwanza. Katika lugha za Wamijikenda, kaya maana yake ni maskani. Na maana iyo hiyo, ijapokuwa imefinywa, imo katika Kiswahili cha sensa ya Tanzania, ambamo kaya ni jumla ya watu waishio pamoja. Mji ulijengwa katika uwanja uliofyekwa katikati; msitu ukaachwa kuuzunguka uwe boma, ukipenywa na njia chache nyembamba zenye malango. Ndani lilizikwa fingo, yaani zindiko la kuwakinga wenyeji na maadui na maradhi. Watu walipohamia mashambani, hasa katika karne ya 19, miti iliurudia uwanja, kaya ikabaki mahali pa makaburi na matambiko. Wadigo walio wengi ni Waislamu, wala jambo hilo halikuwazuia wazee wao kuitunza.

Mazungumzo ya kiongozi aghalabu hufika Singwaya, ambayo Waswahili huiita Shungwaya. Mapokeo husema kwamba Wamijikenda walitoka huko, kaskazini, wakasukumwa kusini na Waoromo. Mwaka 1972 R. F. Morton aliyakana mapokeo hayo, akidai kuwa hayakuwapo kabla ya mwisho wa karne ya 19. Thomas Spear, katika kitabu chake cha mwaka 1978, aliyategemea kuwa yana msingi wa kweli. Lugha hutoa ushahidi wa namna nyingine. Nurse na Hinnebusch, mwaka 1993, waliziweka lugha za Wamijikenda katika kundi la Sabaki pamoja na Kiswahili, Kipokomo na lugha za Komoro. Undugu huo wathibitisha asili moja ya lugha, lakini hautoshi kuthibitisha safari ya watu wote kwa wakati mmoja.

Jina Mijikenda lenyewe ni la juzi, kwani lilienea katika miaka ya 1940. Kabla yake watu hawa waliitwa Wanyika, jina walilopewa na watu wa mjini, wala si la heshima. Hata kamusi ya Krapf na Rebmann iliyochapishwa mwaka 1887 ililichukua. Walipojichagulia jina, walijiita kwa hesabu ya miji yao, na neno kenda, ambalo tisa ya Kiarabu imekaribia kulifuta midomoni mwa Waswahili, likapata makao ya kudumu.

Katika kisiwa cha Chale, kusini ya Kinondo, sehemu ya kaya ilijengwa hoteli. Kinondo yenyewe iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine. Kiongozi huonyesha miti na kutaja majina yake, lakini mahali pa fingo haonyeshi. Hapo hujulikana na wazee wachache tu.