Ukiritimba na Mshika Mpini: Marekani katika Mwaka 1912

Yako mabishano yasiyokwisha upesi kwa kuwa kila upande una sehemu yake ya haki. Mojawapo ni hili: serikali ifanye nini na kampuni iliyokua hata ikakosa mshindani? Katika mwaka 1912 swali hilo liliwekwa mbele ya wapiga kura wa Marekani, na wagombea wanne wa urais wakalijibu kila mmoja kwa namna yake.

Asili yake ilikuwa ya nyuma zaidi. Mwaka 1870 John D. Rockefeller na wenziwe walianzisha kampuni ya mafuta ya Standard Oil katika jimbo la Ohio. Ilipata nauli za siri kwa wenye reli, ikawanunua washindani wake mmoja mmoja, na haikupita miaka mingi ikawa inasafisha karibu sehemu tisa katika kumi za mafuta ya nchi ile. Wenye sukari na tumbaku nao wakaungana. Ndipo mwaka 1890 Bunge lilipopitisha sheria inayojulikana kwa jina la Seneta John Sherman, ya kukataza miungano inayozuia biashara.

Lakini sheria ni kama panga: humtii aliyeshika mpini. Januari 1895 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria ile haikuigusa kampuni iliyokuwa imetwaa karibu kazi yote ya kusafisha sukari, kwa hoja kwamba kutengeneza bidhaa si kufanya biashara baina ya majimbo. Mei ya mwaka huo huo ilithibitisha kifungo cha miezi sita cha Eugene Debs, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, aliyekaidi amri ya kuzuia mgomo. Mahakama ya chini iliyomhukumu ilikuwa imeitegemea sheria ile ile ya Sherman. Mwenye ukiritimba alikwenda zake. Mtetezi wa wafanyakazi akaingia gerezani.

Debs huyo alikuwa mmoja wa wagombea wa 1912. Kwa maoni yake na ya chama chake cha Kisoshalisti, dawa ilikuwa moja: viwanda vikubwa viwe mali ya umma. Rais William Howard Taft aliona kwamba mahakama zatosha. Katika utawala wake, mwaka 1911, Standard Oil iliamriwa ivunjwe, ikawa kampuni 34. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais kabla yake, alishikilia kwamba ukubwa si kosa kwa wenyewe, bali ni zao la maendeleo ya viwanda. Lililotakiwa ni tume ya serikali yenye nguvu ya kuzichungua kampuni hizo. Woodrow Wilson, aliyeshauriwa na wakili Louis Brandeis, alipinga. Aliogopa kwamba tume ya kuwasimamia matajiri mwishowe itasimamiwa na matajiri. Heri kuurudisha ushindani.

Wilson alishinda. Mwaka 1914 zikapitishwa sheria mbili. Ya kwanza, iliyoitwa kwa jina la Clayton, ilitaja matendo yaliyokatazwa na kutamka kwamba kazi ya binadamu si bidhaa. Ya pili iliunda Tume ya Biashara, chombo kilichofanana na kile alichokipinga, na Brandeis mwenyewe aliiunga mkono.

Je, ulikuwa unafiki? Sidhani. Roosevelt aliogopa serikali dhaifu, Wilson aliogopa serikali iliyonunuliwa, na hofu zote mbili zilikuwa za kweli. Mahakama peke yake haikutosha: baada ya Standard Oil kuvunjwa, hisa za vipande vyake zilipanda bei, na Rockefeller akazidi kutajirika. Sheria isiyo na macho hulala. Na macho yasiyo na sheria ya kuyaongoza huweza kufumbwa kwa fedha.

Kwa hiyo mwanafunzi wa historia asiridhike kuuliza kama serikali iingilie kati au isiingilie. Mwaka 1895 serikali iliingilia, na aliyeumia hakuwa mwenye ukiritimba. Swali lililo zito zaidi ni hili: nani ameushika mpini, na nani awezaye kumwuliza?